Kaunta buku la nywila za wanafunzi: lifungwe vipi, na nini kichukue nafasi yake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Tuna wanafunzi 412 na kompyuta 28. Kila mwanafunzi ana akaunti ya Google ya shule, na nywila za wote nimeziandika kwenye kaunta buku ninalolifungia kabatini. Nywila ni jina la shule likifuatiwa na namba ya usajili ya mwanafunzi. Wiki mbili zilizopita mtu aliingia kwenye akaunti ya binti wa kidato cha tatu, akafuta kazi zake za mradi na kutuma matusi kwa wenzake kwa jina lake. Sasa mkuu wa shule anataka nakala ya orodha yote ya nywila ikae ofisini kwake. Je, ni sawa? Na tulipaswa kufanya nini tangu mwanzo?

JIBU: Mwalimu, suala la mkuu linaweza kungoja hadi kesho. Kazi za huyo binti haziwezi kungoja, kwa hiyo tuanze nazo.

Faili likifutwa kwenye Drive, yaani hifadhi ya mafaili ya Google, hukaa kwenye pipa la taka siku 30. Aliyefuta akilisafisha na pipa lenyewe, msimamizi wa akaunti za shule bado ana siku 25 za kulirudisha. Kama pipa lilisafishwa siku ileile, umebakiwa na siku kama 11 tu. Leo hii mbadilishie binti nywila, kisha ufute vikao vyake vyote vilivyo wazi ili aliyeingia atolewe kwenye kila kifaa. Hiyo ifanyike kwanza, maana ukirudisha faili kabla ya kumtoa mvamizi atalifuta tena. Halafu nenda kwenye sehemu ya usimamizi, fungua jina la binti, chagua kurudisha data, weka tarehe zinazoizunguka siku ya tukio na uchague Drive. Rudia hivyohivyo kwa barua pepe. Kinachorudi ni mafaili yaliyokuwa mali ya akaunti yake. Kama mradi ulianzishwa na mwenzake naye akaalikwa tu, utafute kwenye akaunti ya huyo mwenzake.

Baada ya hapo tazama kumbukumbu za kuingia. Google huzitunza miezi 6, na zinaonyesha saa na anwani ya IP, yaani namba ya mahali mtu alipoingilia mtandaoni. Usitegemee sana hiyo anwani, kwa sababu kompyuta zote 28 zinatoka nje kupitia kisambaza intaneti kimoja na huonekana kama mashine moja. Itakuambia tu kama mtu aliingia akiwa shuleni au nje ya shule. Kama ni shuleni, jibu litatoka kwenye ratiba na daftari la mahali pa kukaa: saa 5:20 darasa gani lilikuwa chumbani, na nani aliketi kompyuta namba ngapi. Kama huna daftari hilo, lianze wiki hii. Bandika namba kwenye kila kompyuta, na kila mwanafunzi aandike jina, namba ya kompyuta na saa. Linagharimu daftari moja la kurasa 200, na katika kesi za namna hii lina thamani kuliko programu nyingi za ulinzi.

Sasa kwa mkuu wako. Hofu yake ina msingi: ukiugua, ukihama au ukigoma kutoa ushirikiano, shule isifungiwe nje ya mali yake. Lakini orodha ya nywila haimpi usalama huo. Inampa mzigo tu. Anachohitaji ni uwezo wa kuziweka upya nywila, na kati ya kujua na kuweka upya kuna tofauti kubwa ambayo ndiyo kiini cha jibu hili lote.

Fikiria namba ya siri ya simu ya mama mwenye biashara. Akiisahau, mtandao wa simu haufungui kabati na kumsomea namba yake ya zamani. Unamthibitisha kuwa ni yeye, kisha unamwezesha kuweka mpya. Akaunti za kompyuta zilizotengenezwa vizuri hufanya hivyohivyo kwa sababu ya namna zinavyotunza nywila. Mfumo hauhifadhi neno lenyewe. Hulisaga kama mahindi, ukatunza unga. Kila unapoingia, unachoandika husagwa upya na unga wake kulinganishwa na ule uliotunzwa. Huwezi kuugeuza unga kuwa punje, ndiyo maana hata msimamizi mkuu hana kitufe cha kusoma nywila ya mwanafunzi. Kwa hiyo kaunta buku lako ndilo mahali pekee ambapo nywila zote 412 zinasomeka zikiwa punje nzima.

Na kuna haki ya mtoto ndani yake. Maadamu nywila inajulikana na watu wawili, haimthibitishi yeyote. Binti akisema si yeye aliyetuma matusi, hana namna ya kujitetea, kwa kuwa mwalimu naye alikuwa na nywila, na yeyote aliyewahi kulichungulia daftari. Wewe pia huna namna ya kujitetea mzazi akidai kwamba ni mwalimu aliyeingia. Hilo mweleze mkuu kama lilivyo: orodha ikifika mezani kwake, naye anaingia kwenye idadi ya wanaoweza kushukiwa.

Kwa kweli, aliyeingia kwenye akaunti ya binti huenda hata hakulihitaji kabati lako. Kanuni yako ya nywila ilimtosha. Jina la shule limeandikwa kwenye beji ya sare, na namba za usajili ziko kwenye rejista ya mahudhurio, kwenye madaftari ya mazoezi na kwenye matokeo yanayobandikwa ubaoni. Mwanafunzi anayeijua nywila yake mwenyewe anazijua za wengine 411. Namba ya usajili, namba ya mtihani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi ni vitambulisho. Kazi ya kitambulisho ni kujulikana, na kitu kilichotengenezwa kijulikane hakiwezi kuwa siri.

Nywila ya mwanzo basi iweje? Iwe tofauti kwa kila mtoto, isiyo na kanuni, na iwe rahisi kuandika kwa anayeanza kujifunza kibodi. Maneno matatu ya Kiswahili yaliyounganishwa kwa kistari yanafaa kuliko rundo la alama. Andaa orodha ya maneno 216 na uyape namba kwa dadu tatu za ludo, kuanzia 1-1-1 hadi 6-6-6. Rusha dadu tatu, upate neno la kwanza. Rusha tena, la pili. Rusha tena, la tatu. Unapata kitu kama kikapu-mvua-dafu. Michanganyiko inayowezekana ni 10,077,696, na kwa akaunti ya mwanafunzi, katika mfumo unaomzuia anayekosea mara nyingi, hiyo inatosha. Kwa mwalimu tumia maneno manne, ambayo hufikisha zaidi ya bilioni mbili. Jambo la lazima ni dadu zichague. Mtu akichagua mwenyewe atarudia yaleyale: simba, yanga, jina la mpenzi, jina la shule.

Kwenye kuchagua hayo maneno 216 ndiko penye mitego inayojulikana na anayefundisha watoto wetu. Acha maneno ambayo r na l huweza kubadilishana mdomoni na baadaye kwenye kibodi, kama kura na kula. Acha yenye dh, th na gh, maana dhahabu itaandikwa zahabu na utaitwa mara kumi kwa kipindi. Acha yenye king'ong'o kama ng'ombe, kwa sababu ile alama ya juu ina sura zaidi ya moja kwenye kompyuta. Acha matusi, maneno yenye maana mbili, na majina ya makabila, dini na vyama. Yawe ya herufi nne hadi saba, yote kwa herufi ndogo.

Usilazimishe alama kama @. Kibodi iliyopangwa kwa mtindo wa Uingereza hubadilishana @ na alama ya kunukuu ukilinganisha na ile ya Marekani, na vyumba vingi vya kompyuta za msaada vina mchanganyiko wa zote mbili. Mtoto anabonyeza kitufe sahihi, kompyuta inaandika kingine, nyota nyeusi zinamficha asione kosa, na baada ya majaribio kadhaa anazuiwa. Kistari kiko palepale katika mitindo yote miwili.

Akaunti nyingi hutengenezwa kwa kupakia jedwali moja la CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Jedwali hilo likifunguliwa kwa Excel, namba 0137 hugeuka 137 bila kukuuliza. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima ya namba na uipange kuwa maandishi, si tarakimu. Jina la mtumiaji liwe fupi na lisitoe siri: herufi ya kwanza, jina la mwisho na namba ya mfululizo isiyohusiana na usajili, mathalani ajuma417. Shule yoyote ina akina Amina Juma watatu, na hiyo namba ndiyo itakayowatofautisha. Majina kama Ng'wanza yaandikwe bila alama kwenye jina la mtumiaji, lakini jina kamili libaki lilivyo, kwani jina la mtoto si la kukatwa kwa sababu ya kompyuta. Katika safu iliyoandikwa "Change Password at Next Sign-In" weka True kwa kila mmoja. Ukiisahau hiyo, nywila ya muda inageuka ya kudumu na umerudi kwenye kaunta buku kwa mlango wa nyuma. Akaunti mpya huweza kuchukua hadi saa 24 kuwa tayari kila mahali, hivyo usizipakie asubuhi ya siku ya kipindi. Pakia siku moja kabla.

Kugawa ni kazi ya mkono. Chapisha, kata vijikaratasi, kunja kila kimoja, na umkabidhi mwenyewe. Kamwe usimpe kiongozi wa darasa agawe. Mkondo wa wanafunzi 45 hauenei kwenye kompyuta 28, kwa hiyo gawa makundi mawili na kila kundi lipate kipindi chake cha dakika 40. Wengi humaliza kwa dakika 15, lakini wapo watakaoandika nywila mpya mara mbili zisifanane, na hao ndio wenye kuhitaji muda wako. Siku hiyohiyo kila mmoja arushe dadu zake na aandike maneno yake mapya, dadu zikifunikwa kwa kiganja. Watoto hupenda shughuli hiyo, na nywila waliyoipata kwa dadu huikumbuka vizuri kuliko waliyopewa. Anayehofia kusahau aiandike kwenye karatasi ya kukaa nyumbani, bila jina la shule wala jina la mtumiaji. Hilo halina ubaya. Ubaya ni ubavuni mwa kompyuta au nyuma ya daftari la hisabati ambalo kesho litakusanywa.

Kikao kikiisha futa lile jedwali. Na kulifuta si mara moja: liko kwenye folda, kwenye pipa la taka, kwenye vipakuliwa, kwenye flashi uliyoibeba hadi kwenye printa, na kama ulilituma kwa barua pepe, liko kwenye zilizotumwa. Yote hayo uyapitie.

Kuhusu masharti ya nywila yenyewe, weka urefu usiopungua herufi 10 na uishie hapo. Zile sheria za lazima-herufi-kubwa-na-tarakimu, na za kubadilisha kila miezi mitatu, zina umri mrefu, lakini taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliziondoa katika mwongozo wake wa 2017. Sababu yake inaonekana katika darasa lolote. Ukimlazimisha mtoto kubadilisha kila muhula, Embe2024 inakuwa Embe2025, na aliyeijua ya kwanza anaijua ya pili. Nywila ibadilishwe panapokuwa na sababu: imeonekana, imetolewa kwa mwingine, akaunti imeingiliwa, au imepatikana kwenye orodha za nywila zilizovuja.

Zipo shule zinazofungua akaunti ya kila mwanafunzi ndani ya Windows katika kila kompyuta, bila seva, yaani kompyuta kuu inayosimamia akaunti zote. Kwako hiyo ingekuwa akaunti 11,536, na hakuna mwalimu awezaye kuzisimamia. Bila seva, weka akaunti moja ya kawaida ya wanafunzi kwenye kila mashine, isiyo na haki za usimamizi, na kazi zote zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google ya mwenyewe. Hiyo akaunti ya pamoja ni mlango wa kuingilia chumbani tu, hivyo nywila yake haina siri kubwa. Kama mna seva ya Linux, amri ya chage -d 0 ikifuatiwa na jina la mtumiaji humlazimisha kubadilisha nywila anapoingia mara ijayo.

Kusahau kutakuwepo, hasa Januari baada ya likizo ndefu. Tenga kipindi cha kwanza cha wiki ya kwanza kwa kazi hiyo, usione kuwa ni kushindwa kwa mfumo. Utaratibu uwe huu: mwanafunzi aje mwenyewe, si rafiki yake, si kwa simu, si kwa ujumbe wa WhatsApp wa "mwalimu nisaidie". Kama humfahamu kwa sura, mwalimu wa darasa amthibitishe. Unaweka nywila ya muda kwa dadu, unamlazimisha kubadilisha, naye anaingia mbele yako huku umegeuka pembeni. Kisha unaandika kwenye rejista: tarehe, jina la akaunti, aliyeomba, aliyeweka upya, sahihi mbili. Nywila haiandikwi popote. Rejista hiyo mkuu anaweza kuisoma siku yoyote apendayo, na itamwonyesha mengi. Akaunti iliyowekwa upya mara nne kwa mwezi, kwa mfano, mara nyingi ina mtu wa pili anayeitumia.

Haki ya kuweka upya iwe kwa watu wawili, wewe na mwalimu mmoja wa akiba. Google inaruhusu kumpa mtu haki hiyo moja peke yake, na kwa kundi la wanafunzi tu, bila kumfanya msimamizi mkuu. Viranja wasipewe, hata yule hodari kuliko walimu wote. Huyo hasa usimweke kwenye jaribu hilo.

Niseme sasa kuhusu walimu, maana humo ndimo hatari kubwa ilimo na ndipo shule nyingi zisipopatazama. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza, ICO, ilichapisha mwaka 2025 uchambuzi wa matukio 215 ya uvujaji wa taarifa uliofanywa na watu wa ndani katika sekta ya elimu, yaliyoripotiwa kati ya Januari 2022 na Agosti 2024. Asilimia 57 yalifanywa na wanafunzi. Karibu asilimia 30 yalitokana na nywila zilizoibwa, na katika hayo wanafunzi walihusika kwa asilimia 97. Kwa sehemu kubwa hawakutumia utaalamu wowote mkubwa. Walikisia nywila dhaifu, walizikuta zimeandikwa kwenye karatasi, au walikuta kompyuta ya mwalimu imeachwa wazi. Hizo ni shule za Uingereza, lakini karatasi chini ya kibodi hatuna haja ya kwenda Uingereza kuiona.

Kwa hiyo kila mwalimu awe na nywila ya maneno manne, isiyotumika kwingine kokote. Akinyanyuka kwenye kiti abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L, na kompyuta ijifunge yenyewe baada ya dakika 5. Asiandike nywila projekta ikiwa imewashwa. Kosa linalotokea sana ni kuiandika kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, na hapo darasa zima linaisoma ukutani. Kila mwalimu awashe uthibitishaji wa hatua mbili kwa simu yake, na achapishe zile namba 10 za akiba za Google, kila moja ya kutumika mara moja, azitunze nyumbani. Wanafunzi usiwawekee hatua mbili. Shule nyingi haziruhusu simu, na mtoto asiye na simu atakuwa amefungiwa masomo.

Chumba chenyewe nacho kina kazi. Kivinjari kinapouliza "nihifadhi nywila?" mtoto hubonyeza ndiyo, na anayeketi baada yake anaingia bila kuandika herufi moja. Zuia hilo kwa sera, si kwa maneno. Kwenye Windows, Chrome husoma sera yake kutoka kwenye rejista ya mfumo (Registry), hazina ya mipangilio ya Windows, mahali paitwapo HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Humo ongeza thamani ya DWORD, yaani ya namba, iitwayo PasswordManagerEnabled, uipe 0. Kisha fungua chrome://policy uone kama imepokelewa. Sera hiyo huzuia kuhifadhi nywila mpya lakini haifuti zilizokwisha kuhifadhiwa, kwa hiyo zifute kwa mkono kwenye mashine zote 28. Weka nywila kwenye BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na uzuie kompyuta kuwaka kwa flashi, la sivyo akaunti ya msimamizi itapitwa kwa dakika chache. Na kila Ijumaa tazama nyuma ya kompyuta. Kijidude kidogo kati ya waya wa kibodi na tundu la USB, ambacho hukukiweka wewe, hunakili kila kinachoandikwa.

Faragha ina upande wa pili, nao ni shule yenyewe. Msimamizi hawezi kusoma nywila, lakini anaweza kufikia barua na mafaili. Uwezo huo usiachwe hewani. Andikeni kanuni ya nusu ukurasa, bodi ya shule iipitishe, na wanafunzi wasomewe siku wanapopewa akaunti: akaunti hii ni ya shule, inaweza kukaguliwa panapokuwa na shaka ya madhara kwa mtu. Ukaguzi unafanywa na watu wawili, mmoja wao akiwa mwalimu wa malezi, kwa idhini ya maandishi ya mkuu inayotaja akaunti, sababu na tarehe zinazoangaliwa. Mzazi anaarifiwa, isipokuwa pale ambapo shaka yenyewe inamhusu mzazi. Ukaguzi unapita kwenye zana za usimamizi, ambazo huacha kumbukumbu, na si kwa kuingia na nywila ya mtoto. Kutazama tu kwa udadisi, nani anamwandikia nani, si ukaguzi. Mtoto akijua anachunguliwa hovyo ataacha kuandika lile ambalo ungetaka sana alisema.

Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Shule inayokusanya taarifa inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya kinachohitajika tu, na kukilinda. Mkuu wako alifuatilie hilo la usajili. Kwa jirani zetu Kenya, wenye sheria yao ya 2019, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya mwaka 2023 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Orodha ya nywila 412 iliyoachwa wazi ni jambo zito kuliko picha.

Punguza basi kilichomo. Kwenye akaunti ya mwanafunzi ziwepo taarifa tatu: jina, kidato, mkondo. Simu ya mzazi, dini, ugonjwa, hali ya uyatima, namba ya NIDA ya mlezi, hivyo havina kazi humo. Zima kitabu cha anwani cha pamoja ili mwanafunzi asiweze kupakua majina yote ya wenzake. Matokeo kwenye kundi la wazazi la WhatsApp yasiwekwe kwa jedwali la darasa zima. Kila mzazi atumiwe ya mwanawe. Desemba 2024 kampuni ya Marekani ya PowerSchool, inayotunza kumbukumbu za wanafunzi, iliingiliwa kwa kutumia utambulisho mmoja ulioibwa wa mfumo wa huduma kwa wateja. Taarifa za mamilioni ya wanafunzi na walimu zilichukuliwa, nyingine za watu waliokwisha kuondoka shule miaka mingi nyuma. Ambacho hukukitunza hakiwezi kuibwa kwako.

Ndiyo maana wanaohitimu wafutwe. Kidato cha nne wakumbushwe mwezi Septemba kunakili kazi zao kwenda kwenye akaunti binafsi, akaunti zisimamishwe mitihani ikiisha, na zifutwe tarehe 31 Machi, matokeo yakiwa yametoka na maombi ya mwanzo yamepita. Ukifuta kwa makosa una siku 20 za kumrudisha mtumiaji. Wanaohama katikati ya mwaka husahaulika, hivyo mwalimu wa taaluma akitia sahihi barua ya uhamisho akujulishe siku hiyohiyo.

Na mkuu wako apewe nini mkononi? Bahasha. Shule iwe na akaunti mbili za msimamizi mkuu: moja yako, nyingine ya akiba isiyotumika siku yoyote ya kawaida. Nywila ya hiyo ya akiba, maneno matano ya dadu, pamoja na namba zake za akiba, iandikwe kwa mkono, itiwe kwenye bahasha, ifungwe, na wewe na mkuu mtie sahihi juu ya mfuniko. Ikae kwenye kabati la chuma la ofisi yake. Ukipatwa na lolote, anaifungua mbele ya makamu wake, anaingia, na shule inaendelea. Ikifunguliwa, nywila hubadilishwa na bahasha mpya huandikwa. Mkuu anakuwa na uwezo juu ya akaunti zote bila kujua nywila ya mtoto hata mmoja.

Huyo mwanafunzi aliyeingia kwenye akaunti ya binti, mkimpata, kabla ya adhabu muulizeni alivyofanya, na mwandike anachosema. Kisha binti asafishwe jina mbele ya darasa lilelile lililosoma yale matusi.

Linabaki kaunta buku. Usilitupe kabla nywila ya mwisho kati ya zile 412 haijabadilishwa. Unaweza kuzilazimisha zote kwa siku moja kwa lile jedwali la CSV. Zikishabadilika, usiliache stoo pamoja na madaftari ya zamani, kwa sababu unajua stoo ikisafishwa karatasi hizo zinakokwenda: hadi mwezi unaofuata zinafungia karanga getini. Lichome mbele ya mkuu, na tarehe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha walimu.